Nukta Saba za Matroni

Jumatatu, 10 Juni

Siku ya kwanza ya maisha mapya. Nimeiacha cherehani! Kuanzia leo mimi si fundi wa kupinda suruali tena, mimi ni msimamizi wa mawasiliano wa duka letu la ushonaji. Mke wangu akauliza kazi hiyo inafanywa kwa mkono gani. Nikamwambia kwa kidole gumba.

Hali yenyewe ni hii. Jumamosi atapita Matroni, mkuu wa wauguzi wa kituo cha afya, kuamua nani ashone sare za wauguzi wake thelathini. Ni sisi au ni Nadhifu, fundi wa ng'ambo ya barabara, tunayemwita hivyo kwa sababu shati lake halijawahi kuonekana na mkunjo. Mke wangu ameingoja kazi hii miaka mitatu. Anaitaja hata akiwa anaosha vyombo. Yeye ndiye mkataji wetu, na hakuna anayekata kitambaa kama yeye, Nadhifu mwenyewe anakiri. Lakini mitandaoni nani anamjua? Hakuna. Hapo ndipo ninapoingia mimi.

Tovuti ninayo tayari. Kilichobaki ni watu wa kuitazama. Nimesoma kwamba dawa ni ule mtandao wa posti fupi fupi, mistari miwili mitatu, na kila posti ina linki ya tovuti mkiani. Posti kumi kwa siku. Wafuasi elfu moja kufikia Jumamosi. Matroni akiingia sitasema neno, nitamwonyesha simu tu.

Mke wangu ameiona tovuti leo kwa mara ya kwanza. Ukurasa wa kwanza: picha yangu nimekunja mikono. Wa pili: historia yangu. Wa tatu: "Unajengwa." Akauliza yeye yuko wapi. Nikasema yuko kwenye wa tatu.

Hadi jioni, wafuasi saba. Mimi. Mimi tena kwa jina jingine. Shemeji, kaka yake mke wangu. Muuza dawa ya kuotesha nywele. Wawili wasio na sura. Na mama mkwe. Mama mkwe amejibu posti zote kumi, na zote kwa swali moja: ngazi yake niliyoazima nitairudisha lini?

Jumanne, 11 Juni

Siri nimeipata. Unawafuata watu ili nao wakufuate. Adabu tu, kama salamu. Kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nimewafuata watu mia tisa na kumi na moja, kidole kimevimba. Wa mia tisa na kumi na mbili, mtandao ukanifungia. Wanashuku mimi ni mashine. Nikae nje saa ishirini na nne.

Mke wangu, bila kuinua macho kutoka kwenye kitambaa, akasema nimpe anwani yao awaandikie barua awathibitishie kwamba mimi si mashine, kwa sababu mashine hufanya kazi. Wateja wawili waliokuwa kwenye benchi walicheka mpaka mmoja akashika ukuta.

Basi, kwa kuwa sina la kufanya, mke wangu akaniomba nimsaidie matundu ya vifungo kwenye gauni la mfano atakalomwonyesha Matroni. Nikamweleza kwamba akili yangu yote iko kwenye mikakati. Akasema akili nibaki nayo, yeye anahitaji mikono. Nimejifanya sikusikia. Ameyashona mwenyewe, yote manane, huku akijinyoosha mgongo kila baada ya tundu moja.

Waliotembelea tovuti leo: wanne. Watatu ni mimi. Wa nne ni shemeji, ambaye amepiga simu kusema kwamba kwenye ile picha nimekaa kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari wa meno.

Jumatano, 12 Juni

Nimefunguliwa! Wafuasi sasa tisa. Lakini muuza dawa ya nywele ameniacha. Sijui nimemkosea nini. Imeniuma kuliko nilivyotarajia.

Nimesoma tena. Wanasema watu hawapendi matangazo, watu wanapenda ugomvi. Sawa. Ugomvi ninao ng'ambo ya barabara. Kwenye kamba ya Nadhifu ilikuwa inaning'inia suruali ya kijivu, upindo umepanda upande mmoja na kushuka upande wa pili, aibu tupu. Nikavuka kama mtu anayekwenda zake, nikaipiga picha. Nikaposti: "Hivi ndivyo baadhi ya mafundi wanavyopinda suruali. Duka lao linatazamana na letu, mlango wa buluu, karibu na kibanda cha vocha. Mwenye macho aone." Linki mkiani.

Laiki ishirini na mbili! Nimezihesabu mara mbili.

Saa tisa Nadhifu akaingia dukani. Nikasimama nyuma ya meza ya kukatia, mkasi karibu. Akamwamkia mke wangu kwa heshima zote, akanigeukia, akanishukuru. Anasema tangu asubuhi wameingia wateja watatu wapya kwake, wote wameelekezwa na mimi, kwa mlango wa buluu na kibanda cha vocha. Kisha akaweka ile suruali mezani. Akasema mwenye nayo alimpelekea airekebishe, ila ameona ni heshima kuirudisha kwa aliyeishona, na akanionyesha lebo kiunoni.

Lebo yetu. Upindo wangu. Wa mwezi wa nne.

Mke wangu alingoja Nadhifu avuke barabara. Kisha akaifumua suruali, akaipinda upya, akaipiga pasi, akanikabidhi niipeleke. Niliivusha barabara mikononi mwangu, watu wananitazama. Sijawahi kuona barabara ndefu kama ile.

Chini ya ile posti mama mkwe ameandika kwamba kama nina muda wa kupiga picha suruali za watu nina muda wa kurudisha ngazi. Laiki zake ni nyingi kuliko zangu.

Alhamisi, 13 Juni

Nimekwisha. Kichwa kitupu. Nimeposti picha ya bobini ya uzi, laiki sifuri. Nimeposti picha ya pasi, mtu mmoja akauliza kama inauzwa. Nimeandika salamu za asubuhi kwa wafuasi wangu wote kumi na mmoja, akajibu mama mkwe peke yake, na si kwa salamu. Imebaki siku moja. Nimekaa kwenye stuli yangu nikitazama cherehani yangu iliyofunikwa kitambaa, nikaona kabisa kwamba mimi ni mtu ambaye hakuna atakayemsikiliza duniani, hata akilipia bando.

Na hapo ndipo macho yakaangukia daftari la vipimo.

Nieleze. Mke wangu ana ustaarabu wake wa kupima. Akizungusha tepu kiunoni mwa mteja, namba ya kweli ikiwa itamuumiza mtu, haitamki. Anatamka namba ya huruma, na ndiyo anayoiandika, mteja akichungulia. Kisha anainama kama anayetafuta chaki, anaweka nukta. Nukta juu ya namba: ongeza inchi moja. Nukta chini ya namba: punguza inchi moja. Mteja anarudi nyumbani na furaha, gauni linamkaa kama alizaliwa nalo. Miaka kumi na minane amefanya hivyo na hajamwambia mtu. Najua mimi tu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikishona.

Si ndiyo hadithi hiyo! Ufundi, siri, huruma, yote ndani ya mistari mitatu. Nikaandika: "Daftari letu la vipimo lina siri. Mteja wetu mmoja mwenye cheo, wa kuvaa nyeupe kila siku, anaamini kiuno chake ni 36. Juu yake ana nukta saba, na kila nukta ni inchi. Nguo inamkaa, moyo unatulia. Njoo nawe upewe nukta zako!" Linki.

Jina sikutaja. Mimi si mjinga.

Kabla sijamaliza chai, laiki mia mbili. Nikaongeza nyingine: mwenye duka la mikate na nukta zake tano. Mia sita. Mwalimu wa hesabu, nukta sita, na hajawahi kuzihesabu. Elfu moja! Nikaongeza mama mmoja mtu mzima anayedai kila mwaka amepungua. Nilikuwa natetemeka kwa furaha. Mke wangu akaniuliza kama nina homa.

Ijumaa, 14 Juni

Wafuasi elfu tatu na mia nane! Nimeula! Tovuti imetembelewa na watu wengi kiasi kwamba imeanguka, haifunguki kabisa, na hata huko kuanguka kwake nimekutazama kwa fahari.

Sijamwambia mke wangu. Nataka aone kesho, mbele ya Matroni. Leo amemaliza gauni la mfano. Jeupe, ukosi mdogo, mfuko wa kalamu mahali pake hasa. Amelitundika kwenye kioo, akarudi nyuma hatua mbili, akalitazama. Akasema, si kwangu hasa, kwamba akiipata kazi hii atapumzisha macho mwezi mzima, atakata tu, kushona watashona wengine. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nimeshaishughulikia.

Mambo mawili yamenitatiza. La kwanza: wateja watatu wa siku nyingi wamepita mlangoni bila kutuamkia. Mke wangu ameliona, akauliza kama nimemkosea mtu. Nikasema labda jua liliwapiga machoni. La pili: mama mkwe ameandika chini ya posti ya yule mama anayedai amepungua. Ameandika, "Mkwe, huyo ni nani?" Basi. Nimesoma mara tatu. Ngazi hakuitaja. Tangu nijiunge na mtandao huu hajawahi kuacha kuitaja ngazi.

Jumamosi, 15 Juni

Niandike kwa mpangilio.

Saa mbili asubuhi tulipofungua mlango kulikuwa na foleni. Foleni! Imefika mpaka kibanda cha vocha. Machozi yalinilengalenga. Nikamwambia mke wangu atazame kazi ya tovuti. Nikavaa tepu shingoni, nikachana nywele kwa vidole, nikamkaribisha wa kwanza. Mwenye duka la mikate. Nikamuuliza ashonewe nini. Akasema hataki kushonewa kitu, ameleta macho, anataka kuonyeshwa daftari.

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nyuma yake akasema mwalimu wa hesabu kwamba naye amekuja kuhesabu. Akaja mama mmoja na binti zake watatu, wote wanataka kujua nani ana ngapi. Mtu mmoja hajawahi hata kushona kwetu, amekuja kutafuta za mkewe. Duka likajaa. Wakawa wanauliza nukta, nukta, nukta. Mke wangu alisimama na mkasi mkononi, akiwatazama mmoja mmoja, hajui wanazungumza nini. Kisha binti mmoja akampa simu asome.

Alisoma polepole. Posti zote nne. Nikajaribu kumwonyesha idadi ya wafuasi iliyo pale juu, pengine ingesaidia. Haikusaidia.

Saa nne akaingia Matroni. Watu wakampisha wenyewe. Sare nyeupe, saa kifuani, viatu havitoi sauti. Akaomba daftari kwa sauti ya mtu anayeomba kipimajoto. Mke wangu akampa. Akafungua ukurasa wake, akahesabu kwa kidole, moja hadi saba, duka zima likimsikiliza. Akalifunga.

Akamwambia mke wangu kwamba unene wake anaujua, anauvaa kila asubuhi, na wala si huo unaomuuma. Zile nukta alikuwa anazijua pia. Aliziona mwaka wa kwanza, kwenye kioo, mke wangu akiinama kutafuta chaki. Alinyamaza kwa sababu alijisikia vizuri kuona kuna mtu anajisumbua kumficha jambo kwa upole. Kinachomuuma ni kwamba jana, wodini, mgonjwa wa kitanda cha tatu alimwita Nukta Saba, na wauguzi wake mwenyewe wakageuka ukutani kucheka. Akasema ataanzaje kuwavalisha nguo za duka hili.

Kisha akaligusa gauni la mfano, ule ukosi, akasema ni kazi nzuri sana. Akavuka barabara akaingia mlango wa buluu.

Watu wakaondoka kama watu wanaotoka kumtazama mgonjwa. Mama mkwe alikuwa wa mwisho kwenye foleni. Kumbe alikuwepo muda wote. Hakuuliza nukta, hakuuliza ngazi. Alimshika bintiye begani, akaondoka.

Nilingoja mke wangu apige kelele. Ningefurahi angepiga kelele. Alinijia, akanitoa tepu shingoni taratibu, akaikunja, akaitia mfukoni mwake. Akaniambia niape kwamba sitaandika tena neno hata moja kutoka kwenye daftari la vipimo. Nimeapa. Nimeapa kwa mikono miwili.

Wafuasi: elfu sita na mia moja. Nimeangalia mara moja tu. Mara mbili.

Jumapili, 16 Juni

Hatujafungua. Nyumbani vijiko tu vinasikika.

Mchana nilikwenda dukani peke yangu kupiga deki, nione kama nitajisikia mtu. Sikujisikia. Daftari lilikuwa bado mezani. Nikalifungua, si kwa ubaya, kuwatazama tu wale niliowakosea. Nikapekua nyuma, nyuma kabisa, mpaka ukurasa wa kwanza. Jina langu. Koti la harusi. Mke wangu alinipima kabla hatujaoana, akanishonea mwenyewe kama makoti yangu yote, akaniambia siku ile kwamba nina mabega ya kubebea mlango. Bega: 20.

Chini yake nukta tatu.

Nikavua koti nililovaa, nikapasua kidogo bitana, kile kitambaa cha ndani, pale begani. Pamba. Nikaenda nyumbani nikapapasa yale mengine kabatini, yote manne. Pamba, pamba, pamba, pamba. Miaka kumi na minane natembea mjini nimetanua mabega, kumbe ninayatanua mabega ya mke wangu. Nimekaa kitandani na makoti yangu nimelia. Mke wangu aliingia, akayaona yamepasuliwa, akaelewa. Akachukua sindano, akaketi pembeni yangu, akaanza kuyafunga moja baada ya jingine.

Sijawahi kujichukia kama leo.

Jumanne, 18 Juni

Shemeji amekuja na mkokoteni kuchukua cherehani ya mke wangu. Kaifunga kamba kama anayehamisha mgonjwa mahututi, na furaha yote usoni. Inavuka barabara. Nadhifu ameipata kazi ya sare lakini hana mkataji wa kiwango hicho, na Matroni amesema wazi kwamba anautaka ule ukosi. Kwa hiyo mke wangu atakata na kushona kwa Nadhifu mpaka sare thelathini zimalizike. Sare zake, ukosi wake, lebo ya Nadhifu.

Kabla hajavuka alisimama mlangoni. Akasema gauni moja lina matundu manane ya vifungo, magauni ni thelathini, nipige hesabu mwenyewe. Amemwomba Nadhifu aniwekee stuli. Naweza kuja leo hii, saa hii, sharti ni moja, simu niiache nyumbani. Tepu alikuwa nayo mkononi. Akasema nikija atanirudishia.

Nilikuwa karibu kulia. Nikamwambia nakuja sasa hivi, nifunge madirisha tu.

Nilifunga dirisha moja. Kwenye la pili nikakaa kidogo, nikitafakari jinsi nilivyobadilika. Wafuasi wanapungua, elfu tano na mia tisa, wanauliza iko wapi posti mpya. Mimi nimeapa, na kiapo ni kiapo. Neno hata moja kutoka daftari la vipimo halitatoka kwangu. Nikaifungua shajara hii nisome makosa yangu upya ili nisiyarudie, na nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona. Sentensi zake fupi fupi! Mistari miwili, mitatu. Kama zimepimwa! Na hili si daftari la vipimo. Hili ni daftari jingine kabisa.

Nimeanza na moja tu, ya majaribio: "Mke wangu amenidanganya kuhusu mabega yangu kwa miaka kumi na minane. Kila koti langu lina pamba. Niulizeni nilivyogundua." Linki mkiani. Tovuti imeamka, na mke wangu nimemtoa kwenye ukurasa wa tatu, nimemweka wa kwanza, kando ya picha yangu.

Laiki mia nne kabla sijafunga dirisha! Mama mkwe amekuwa wa kwanza kujibu. Ngazi. Nimefurahi, maana yake amenisamehe.

Ng'ambo, kupitia mlango wa buluu, namwona mke wangu. Kando yake kuna stuli tupu, tepu imewekwa juu yake. Kuna mteja ameinama anamwonyesha simu. Mke wangu anasoma. Amesimamisha cherehani kabisa. Sasa ameinua uso anatazama huku.

Nimempungia mkono. Nadhani ameipenda.